Mkono Niliounyoosha Bodini

Sehemu ya Sita

Kwa anayeanza kunisoma leo, naitwa Seth. Ni mkulima wa karanga wa Mlali, Kongwa. Nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili, nikastaafu, kisha wakulima wenzangu wakanichagua kuwa mjumbe wao kwenye bodi ya Kampuni ya Vyakula Uwanda, pale Dodoma mjini.

Waliokuwa nami wiki tano zilizopita wanajua nilikoishia. Binti yangu Erica, mpimaji kwenye maabara ya kampuni hiyo hiyo, alikuja nyumbani Jumamosi mchana akaniwekea bahasha mapajani. Ndani kulikuwa na ripoti. Unga wa uji wa watoto tunaouuza kwa jina la Chipukizi ulikutwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyopata unyevu.

Haionekani kwa macho. Haiishi hata ukichemsha uji kutwa nzima.

"Bosi wangu amenikataza nisiitaje," Erica aliniambia. "Lakini baba, bosi wa bosi wangu ni bodi. Na wewe uko kamati ya ubora."

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Nikaurudisha kwenye bahasha.

Jumatatu yake Mudrick, mkurugenzi mtendaji, akanipigia simu. Alikuwa ameshajua Erica alikuja kwangu. Akasema maneno machache tu: "Mzee Seth, karanga zenyewe ni za Mlali. Ukiongea, unawazika watu wako."

Jumatano nikaingia kwenye kikao, bahasha ikiwa ndani ya mkoba wangu.

Sasa tuendelee. Leo ni pagumu. Mke wangu ameniuliza kama nina uhakika nataka kuyaandika haya. Nimemwambia nikiyaacha yatanimaliza.

Tulikuwa wajumbe saba. Mwenyekiti wetu, Bi Salwa, ni mtoto wa wafanyabiashara wa Kondoa, na kampuni ile ilianza na mashine moja ya kusaga ya marehemu baba yake. Mama mpole wa sauti. Sijawahi kumsikia akifoka.

Tulipitisha hili na lile mpaka tukafika kwenye mengineyo. Mudrick akakohoa.

"Kuna mtumishi wa maabara ametoa siri za kampuni nje. Naomba bodi ibariki tumwachishe kazi."

Kumfukuza mpimaji si kazi ya bodi, ni kazi ya menejimenti. Hata mimi mkulima nililijua hilo. Alilileta kwetu ili mikono yetu iwemo.

"Jina lake?" akauliza Mzee Abdulswamadu. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, mfamasia mstaafu wa pale pale mjini.

"Erica Seth."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Mzee Seth," Bi Salwa akasema taratibu, "kanuni zetu zinasema jambo likimgusa ndugu yako, unatoka nje mpaka liishe."

"Basi nitoke?"

"Unaweza. Ila ukibaki ukaunga mkono, hakuna atakayesema tumemwonea mtoto wa mkulima."

Nilipaswa kusimama nitoke. Miguu ilikuwepo, mlango ulikuwepo.

Nikabaki.

"Ngojeni kwanza," Mzee Abdulswamadu akasema. "Mnazungumza siri, siri. Hiyo siri yenyewe inasema nini? Ni kweli au si kweli?"

"Ni vipimo vya awali, mzee wangu," Mudrick akajibu haraka. "Havijathibitishwa. Tukiviachia vitoke, kesho hakuna atakayenunua karanga ya Kongwa. Watu wataumia."

"Mimi sikuuliza nani ataumia sokoni. Nimeuliza ni kweli au si kweli."



Mzee akanigeukia. "Seth, wewe uko kamati ya ubora. Hiyo ripoti umeiona?"

Mkoba wangu ulikuwa chini ya kiti, umegusa kiatu changu.

Bi Salwa alikuwa ananiangalia. Mudrick alikuwa ananiangalia. Wote wawili walijua ninayo; Mudrick hakumficha mwenyekiti kitu.

"Sijaiona," nikasema.

Mzee Abdulswamadu akaniangalia kwa muda, kisha akavua miwani yake akaiweka mezani. Hakuuliza tena.

"Wanaokubali?" Bi Salwa akauliza.

Mikono mitano ikanyooka. Wa Mzee Abdulswamadu haukunyooka. Walikuwa wananisubiri mimi, ingawa tayari walishatosha.

Nikaunyoosha.

Mkono ule ule niliomfundishia Erica kuandika herufi e, kwa sababu jina lake linaanza nayo na alikuwa akiigeuza kila siku.

* * *

Nilimkuta getini. Walishampa barua yake. Alikuwa amesimama juani na mfuko wa plastiki wenye koti lake la maabara na kikombe cha chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Umewaambia?"

Nikaangalia chini.

"Baba, umewaambia kuhusu unga?"

"Erica, wale wakulima wamenituma mimi. Jirani yetu Abeli, akina mama wa kikundi, wote. Soko likifungwa watakula nini? Nimeona tuvumilie, jambo litatatuliwa ndani kwa ndani."

"Waliponifukuza walipiga kura?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

"Ukanyoosha?"

Msomaji, nimezika wazazi wangu wote wawili. Sijawahi kupata swali zito kama lile.

"Nilinyoosha."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Ripoti uliisoma yote?"

"Niliisoma."

"Mpaka mwisho, baba? Mpaka ukurasa wa tatu?"

Nilikuwa nimeishia ukurasa wa kwanza.

Akachukua mfuko wake akavuka barabara. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka. Tangu siku ile simu zangu hakupokea, na ujumbe hakujibu.

* * *

Sasa nawaambia habari za Abeli.

Abeli ni jirani yangu na rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi wa baba zetu. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wakulima akasema, "Mpelekeni Seth bodini, Seth hawezi kusema uongo." Mkewe na yeye walikuwa wanamlea mjukuu, Nyemo, mtoto wa miaka miwili na nusu aliyeachwa na mama yake aliyefariki kwenye uzazi.

Sisi wajumbe tulikuwa tunapewa unga wa kampuni kama zawadi, maboksi kwa maboksi. Mimi sina mtoto mdogo nyumbani. Wa kwangu nilikuwa nampelekea Nyemo.

Nao ulikuwa Chipukizi, wa toleo lile lile.

Niliiona mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, namba ya toleo. Kwa hiyo nilijua tangu Jumamosi ile ya Erica.

Nilipanga kwenda kuuchukua. Alhamisi nikafika mpaka kwenye ua wa Abeli, nikarudi. Nikimwambia rudisha unga, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, ataniuliza na watoto wa wenzetu je. Ijumaa nikasema nitakwenda Jumapili baada ya ibada. Jumapili nikasema pengine amekwisha kuumaliza.

Nilikuwa natafuta uongo mzuri wa kuuchukulia ule unga. Sikuupata, na siku zikaenda.

Siku ya kumi na moja tangu Jumamosi ile, Abeli alikuja kwangu asubuhi anakimbia.

"Seth, njoo umwone mtoto. Macho yamekuwa ya njano kama kiini cha yai. Tumbo limejaa."

Tulimpeleka hospitali. Mimi ndiye niliyembeba kwenye gari. Nyemo alinishika kola ya shati akawa anaita "Babu, babu," na mimi si babu yake, ila alikuwa anatuita wote hivyo.

Daktari akasema ini limeharibika. Akauliza mtoto amekula nini.

"Ugali wetu tu," Abeli akasema. "Na uji."

"Uji wa unga gani?"

"Huu wa huyu ndugu yangu, wa bodini kabisa. Huo hauna shaka."

Daktari akaandika. Mimi nikaangalia dirishani.

Nyemo alifariki siku ya tatu, saa saba mchana, mkewe Abeli akiwa ameenda kumfulia nguo.

* * *

Watoto wengine wanne waliugua vijiji vya jirani. Habari zikaenea. Mudrick akazungumza redioni kwamba kuna watu wanaghushi mifuko ya Chipukizi na kuuza unga feki minadani. Alisema kwa uhakika hata mimi nusura nimwamini.

Kwenye msiba, Abeli alinivuta pembeni.

"Seth, wanasema ni unga feki wa mnadani. Sisi mnadani hatujawahi kununua. Mtoto alikunywa wa kwako tu, ule halali. Basi itakuwa ni mahindi yetu. Huyu mke wangu aliyaweka ndani kabla hayajakauka vizuri."

Nilisimama pale nikamwacha aseme.

Mkewe alikuwa anatusikia. Kesho yake yule mama alitoa magunia yote ya mahindi, chakula cha mwaka mzima, akayamwaga shimoni nyuma ya nyumba. Alikuwa anamwaga huku anamwomba Nyemo msamaha. Hakuna aliyeweza kumzuia.

Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na maneno mawili tu yangetosha kumwinua yule mama. Sikuyasema.

* * *

Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi. Tukaitwa Dodoma, bodi nzima, na Erica pia.

Siku moja kabla ya kwenda, mke wangu Yudith alirudi kutoka mjini. Alikuwa amelala huko siku mbili bila kuniaga vizuri.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Erica."

"Anaendeleaje? Amenitaja?"

Yudith akakaa kitandani, akafungua mtandio wake, akaukunja, akaufungua tena.

"Nimempigia magoti mwanangu, Seth. Mimi mama yake, kwa magoti. Nimemwomba kesho asikutaje."

"Yudith!"

"Ungefungwa! Umri huu ungefungwa! Nimemwambia yeye ni kijana, ataanza upya."

"Akasemaje?"

"Alinipikia chakula, akanitandikia kitanda chake, yeye akalala chini."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi? Alifanya kwa magoti kile nilichokifanya mimi kwa mkono.

* * *

Asubuhi ya uchunguzi Abeli alikuja nami. Sikumwomba.

"Ndugu yangu hawezi kwenda kukaa mbele za watu peke yake," alisema. "Mimi najua wewe huna kosa."

Tulikaa mstari wa pili, yeye kulia kwangu, Yudith nyuma yetu. Mbele walikaa wajumbe wa kamati, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Zipora, mtu wa maneno machache.

Kikao kilianza saa tatu kamili. Wa kwanza kuitwa alikuwa Erica. Alikuwa amekonda. Alipita karibu nami, nikasikia harufu ya mafuta ya nazi anayopaka tangu mdogo. Hakuniangalia.

"Karanga zilizoleta sumukuvu zilitoka wapi?" Bi Zipora akauliza.

"Zilinunuliwa Mlali. Lakini hazikuja na sumu."

Nikainua kichwa.

"Eleza."

"Tulizipima zilipoingia. Zilikuwa safi. Wakulima walizikausha vizuri. Zilinyeshewa ndani ya ghala letu. Paa linavuja, mvua zote za mwaka huu ziliingia. Nimeandika hayo kwenye ripoti, ukurasa wa tatu."

Ukurasa wa tatu.

Paa la ghala! Mwaka jana menejimenti ilituletea bodini ombi la kusogeza mbele matengenezo ya ghala. Mzee Abdulswamadu alitaka tukalione kwanza kwa macho. Sisi wengine tukasema hakuna haja, tukapitisha, tukaenda kula chakula cha mchana.

Kwa hiyo wakulima wangu hawakuwa na kosa lolote. Niliwalinda kwa jambo ambalo hawakulifanya. Nilimtoa mwanangu kafara, nikamtoa Nyemo, nikilinda paa la Mudrick.

Na yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi niliyokaa nayo mwezi mzima.

"Ripoti hii uliipeleka kwa nani?" Bi Zipora akaendelea.

"Kwa mkuu wangu wa kitengo. Akanikataza kuisambaza."

"Kuna mjumbe yeyote wa bodi uliyempa?"

Erica akaangalia mikono yake. Nyuma yangu nikamsikia Yudith akivuta pumzi.

"Binti, swali ni jepesi. Kuna mjumbe wa bodi aliyeiona?"

"Hapana," Erica akasema. "Sikumpa mtu."

Mwanasheria wa kampuni akaandika kitu kwenye daftari lake akamwonyesha Mudrick. Mudrick akaegemea kiti. Nilimwelewa. Kama hakuna mjumbe aliyeiona ripoti, basi mwenye kosa ni mpimaji aliyejua asiifikishe kwa bodi. Mwanangu alikuwa amejifunga kamba yeye mwenyewe, mbele yangu, kwa ajili yangu.

Nikasimama.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka Yudith akinivuta koti kwa nyuma.

"Mheshimiwa," nikasema, "binti yangu anasema uongo."

"Wewe ni nani?"

"Seth. Mjumbe wa bodi, kamati ya ubora. Alinipa ripoti mkononi, Jumamosi, siku nne kabla ya kikao. Mzee Abdulswamadu aliniuliza kama nimeiona, nikakana. Mwenyekiti alijua nakana. Mkurugenzi alijua nakana. Kisha nikapiga kura afukuzwe."

"Baba, kaa chini!" Erica akapaza sauti. "Kaa chini, baba!"

"Sikai. Na unga wenyewe, wa toleo hilo hilo, nilikuwa nimeupeleka kwa rafiki yangu. Nilijua siku kumi na moja kabla mtoto hajaugua. Sikwenda kuuchukua."



Abeli alikuwa bado amekaa pale kulia kwangu. Sikuthubutu kumtazama. Nikasikia sauti yake kutoka chini.

"Seth. Si mahindi yetu?"

"Si mahindi yenu, Abeli."

"Si mke wangu?"

"Si mkeo. Ni unga wangu."

Nilijiandaa anipige. Nilitamani anipige. Mtu akikupiga angalau kunakuwa na kitu kimelipwa.

Hakunipiga. Alisimama polepole, ameshika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu.

"Mama," akamwambia Bi Zipora, "mimi ule unga uliobaki sikuutupa. Ningeutupaje? Nilisikia redioni kwamba wa mnadani ndio mbaya. Huu ulitoka bodini. Mke wangu alikuwa hawezi kuuona tena ndani ya nyumba."

"Uko wapi?"

"Niliupeleka chekechea ya kanisani kwetu. Maboksi matano. Mwalimu alishukuru sana. Alisema wakimaliza wa zamani ndipo wataufungua."

"Wa zamani umekwisha lini?"

"Jana nilipita pale," Abeli akasema. "Nikakuta wanakung'uta gunia la ule wa zamani."

Bi Zipora akageuka kuangalia saa ya ukutani. Sote tukageuka. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Hakuna mzazi wa kwetu asiyejua kwamba chekechea, saa nne ni saa ya uji.

Abeli alitoa simu yake ndogo, ikamponyoka, ikaanguka, akaiokota. Erica alikuwa ameshashuka kule mbele, akaichukua, akamtafutia jina la mwalimu. Akaweka sauti ya juu.

Simu ikaita mpaka ikakatika.

Akabonyeza tena. Ikaita mpaka ikakatika.

Mara ya tatu ikapokelewa.

"Mwalimu!" Erica akapiga kelele. "Mwalimu, unanisikia?"

Hakujibu mwalimu. Simu ya mwalimu ilikuwa mkononi mwa mtoto, tukamsikia akihema karibu na kipaza sauti. Na nyuma yake, mbali kidogo, sauti nyingi ndogo zilikuwa zinaomba kwa pamoja, zikivuta maneno kama watoto wanavyovuta, kuubariki uji uliokwisha kumiminwa.